Louis wa 14 na mipaka ya mamlaka yasiyo na mipaka

Wanapotajwa wafalme waliotawala Ulaya bila kuulizwa na mtu, jina la Louis wa 14 wa Ufaransa hutangulia. Hata kauli kwamba yeye ndiye dola amenasibishwa nayo, japo hakuna ushahidi wa kuaminika kuwa aliwahi kuitamka. Ukweli ni kwamba mfalme huyo, aliyekalia kiti kwa miaka 72, alikuwa na pingu zake, na aghalabu zilikuwa za fedha.

Alirithi ufalme mwaka 1643 kabla ya kutimiza miaka mitano. Mnamo 1648 mahakimu wa Paris, waliochoshwa na kodi za vita, walianzisha maasi yaliyoitwa Fronde, na Januari 1649 mfalme huyo mtoto akatoroshwa mjini usiku. Alipofariki Kadinali Mazarin mwaka 1661, Louis alitangaza kwamba hatateua tena waziri mkuu. Mwaka 1682 alihamishia serikali Versailles, ambako makabaila waligombea heshima ya kumvisha shati asubuhi badala ya kukusanya majeshi mikoani.

Hata hivyo, amri yake haikuwa sheria hadi isajiliwe na mahakama kuu zilizoitwa parlement. Jina hilo lisimpumbaze msomaji, hayakuwa mabunge. Mahakimu wake walikuwa na haki ya kuwasilisha pingamizi kabla ya kusajili, na mwaka 1673 Louis akawaamuru wasajili kwanza, walalamike baadaye.

Kwa nini basi hakuwatimua? Kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa imeviuza vyeo hivyo. Tangu 1604, afisa aliyelipa kila mwaka sehemu moja kwa sitini ya thamani ya cheo chake aliweza kukirithisha kama shamba. Kukifuta cheo kulimaanisha kumrejeshea mwenyewe fedha zake, nazo zilikuwa zimekwisha kumezwa na vita. Vita vipya vilipozuka, viliuzwa vyeo vingine, na mfalme akazidi kujiongezea watumishi asioweza kuwafukuza.

Wasiokuwa na kinga ya namna hiyo walimjua kwa sura nyingine. Alipowafutia Waprotestanti uhuru wa kuabudu mwaka 1685, takriban watu 200,000 waliihama nchi. Nayo kodi kuu, taille, iliwaelemea wakulima ilhali makabaila na makasisi walisamehewa.

Louis alifariki Septemba 1, 1715, akimwachia kiti kitukuu wa miaka mitano. Katika wosia wake alikuwa amebana mamlaka ya mpwa wake, Philippe wa Orléans, ambaye angeshika utawala kwa niaba ya mtoto, na kumkabidhi ulinzi wa mtoto huyo mwanawe wa nje ya ndoa, Mtawala wa Maine. Kesho yake Philippe alikwenda mbele ya parlement ya Paris. Mahakimu waliufuta wosia, na mwezi huohuo wakarejeshewa haki yao ya kupinga kabla ya kusajili.