Mpunga Umeondoka, Hela Bado: Mkulima, Jua Malipo Yanavyofanya Kazi

Huwa tunaongea hapa kuhusu mbegu, mbolea, palizi na kukausha mpunga. Leo tuweke jembe pembeni kidogo tuongelee kitu kinachowaumiza wakulima wengi wa huku kwetu Mbarali kuliko hata ukame: malipo.

Unaweza kulima kwa kanuni zote, ukapata gunia 30 kwa ekari, halafu ukabaki huna kitu kwa sababu ya siku moja tu, siku ya kuuza. Kila msimu, kuanzia mwezi wa sita, napokea simu za namna moja: "Bwana shamba, yule mnunuzi hapokei simu." Mimi sio wakili. Ila kwenye kazi hii nimelazimika kuzijua sheria za biashara zinazomgusa mkulima, na nimeona jinsi zinavyomwokoa anayezijua na kumwacha asiyezijua.

1. Mpunga unakuwa wa nani, na kuanzia lini?

Wakulima wengi wanaamini hivi: "Kama hajanilipa, mpunga bado ni wangu." Kwa sheria yetu ya mauziano ya bidhaa, mambo hayako hivyo. Mkishakubaliana bei ya mzigo unaojulikana, uliopimwa na uko tayari kuchukuliwa, mzigo unaweza kuwa mali ya mnunuzi papo hapo, hata kama hela atatoa wiki ijayo. Isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo.

Maana yake nini? Ukimwachia akapakia, akauza kwa mtu mwingine Dar es Salaam ambaye hajui lolote kuhusu ninyi, usitegemee kuurudisha ule mpunga. Unachobaki nacho ni deni, yaani haki ya kudai bei.

Lakini sheria hiyo hiyo imekupa silaha mbili. Ya kwanza, kama hamkupanga mkopo, kukabidhi mzigo na kulipa ni vitu vinavyokwenda pamoja. Mkono huu mzigo, mkono huu hela. Ya pili, kama mzigo bado uko kwako na hujalipwa, una haki ya kuushikilia mpaka ulipwe. Kwa hiyo mnunuzi akikwambia "mpunga ni wangu, fungua stoo nipakie, hela baadaye", na hamkukubaliana mkopo, mjibu kwa upole: "Sawa bosi, ni wako, ila hautoki." Uko ndani ya haki yako.

Ukitaka usalama zaidi, andikeni sentensi moja tu: "Mpunga utabaki mali ya muuzaji mpaka bei yote ilipwe."

2. Mali kauli

Mali kauli sio dhambi. Biashara nyingi za nchi hii zinaendeshwa kwa kuaminiana. Tatizo ni kauli isiyo na karatasi. Jirani anakumbuka bei moja, wewe unakumbuka nyingine, na dalali aliyewakutanisha hakumbuki chochote.

Sheria ya mauziano inataka ushahidi wa aina tatu, walau mmoja uwepo: maandishi yenye saini ya anayedaiwa, au mnunuzi awe amepokea sehemu ya mzigo, au awe ametoa kianzio. Ukiwa na yote matatu, umelala usingizi.

Karatasi yenyewe sio lazima iandikwe na wakili. Daftari la shule linatosha. Andika:

- Tarehe na mahali.
- Majina kamili, namba za simu na namba za kitambulisho cha taifa za wote wawili.
- Aina ya mpunga, na uzito kwa kilo, sio kwa gunia. Gunia la lumbesa ni wizi, na sheria ya vipimo hailiruhusu.
- Bei kwa kilo na jumla yake.
- Kilicholipwa, kilichobaki, na siku ya kumaliza.
- Namba ya gari lililobeba.
- Saini za wote, na mashahidi wawili. Mmoja akiwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji ni vizuri zaidi.

Mnunuzi anayekataa kusaini karatasi ya namna hii ameshakupa jibu. Msikilize.

3. Ujumbe wa simu sio hela

Tangu M-Pesa ianze hapa nchini mwaka 2008, simu imetuondolea hatari ya kutembea na bulungutu. Lakini wezi nao wamehamia huko. Ujumbe wa kughushi unaletwa wenye jina lako na kiasi kamili, na dereva anakuharakisha: "Mama, gari linachelewa."

Kanuni ni moja. Usisome ujumbe, soma salio. Ingia mwenyewe kwenye menyu ya simu yako, weka namba yako ya siri, angalia salio. Kama halijaongezeka, hujalipwa. Akisema mtandao unasumbua, basi na gari lisubiri mtandao.

Hundi nayo ni hivyo hivyo. Hundi ni agizo kwa benki kulipa. Benki ikiirudisha kwa sababu akaunti haina kitu, kisheria wewe bado ni muuzaji ambaye hajalipwa, na deni liko pale pale. Usitoe mzigo kwa hundi ya mtu usiyemjua mpaka benki ikuthibitishie kuwa hela imeingia.

4. Ukilipwa nusu, angalia unachosaini

Hapa ndipo penye mtego mkubwa, na wengi hawaujui. Nikupe mfano wa mama mmoja wa kata ninayoihudumia.

Aliuza gunia 40 kwa shilingi 90,000, jumla 3,600,000. Mnunuzi akamtumia 900,000 kwa simu, akapakia, akaahidi kumaliza baada ya siku tatu. Ikapita miezi mitatu. Karatasi hakuna. Mama ana watoto wawili sekondari, na hela ya pembejeo za msimu unaofuata ilikuwa humo humo.

Alipokuja ofisini nikamuuliza, "Ile 900,000 ilitoka namba ya nani?" Ilitoka namba ya mnunuzi mwenyewe. Nikamshauri aombe taarifa ya miamala kwenye kampuni ya simu, na ajumbe zao zote wawili asizifute. Kwenye moja mnunuzi alikuwa ameandika, "Mama vumilia, ile ya gunia 30 zilizobaki nalipa." Ujumbe huo ndio ukawa karatasi yake.

Mnunuzi alipoona mama anajiandaa kwenda mahakama ya mwanzo, akaja na 1,500,000 taslimu na karatasi iliyochapwa vizuri: "Nimepokea malipo, tumemalizana, sina dai lolote." Shida ilikuwa shida, mama alitaka kusaini.

Sasa elewa hili. Sheria yetu ya mikataba inasema anayedai anaweza kusamehe deni lote au sehemu yake. Ukipokea pungufu na kukubali kuwa ni malipo ya deni lote, deni limekufa. Huwezi kurudi mwezi ujao kudai ile 1,200,000. Na hiyo sio dhuluma ya hakimu, ni saini yako.

Mama akaikataa ile karatasi. Ikaandikwa nyingine kwa mkono, mbele ya mtendaji: "Nimepokea 1,500,000, sehemu ya deni. Baki ni 1,200,000." Mnunuzi akanung'unika, akasaini. Ile baki ililipwa kwa awamu tatu, ya mwisho ikaingia wakati mbolea ya kukuzia inahitajika. Watoto hawakurudishwa nyumbani.

5. Na wewe ukiwa ndiye unayedaiwa

Mkulima naye anakopa pembejeo. Tuseme duka linakudai mbolea, na deni hilo uliliwekea ng'ombe wa kulimia kama dhamana. Linakudai pia viuagugu bila dhamana yoyote. Ukipeleka 300,000 ukanyamaza, mwenye duka anaruhusiwa kuihesabu kwenye deni analotaka yeye. Atachagua viuagugu, na ng'ombe wako wataendelea kufungwa.

Lakini ukisema wakati wa kulipa, "Hii ni ya mbolea," na yeye akaipokea, lazima ihesabiwe kwenye mbolea. Sema, na iandikwe kwenye risiti. Sentensi moja inaweza kukurudishia ng'ombe.

6. Kuuza zao likiwa bado shambani

Watu wa korosho kule kusini wanaijua kangomba, na watu wa kahawa Kagera wanaijua butura. Ni kitu kile kile: unapewa hela kidogo wakati wa njaa, unalipa kwa mazao mengi wakati wa mavuno. Serikali imezipiga vita kwa miaka mingi, na bado zinarudi kwa sababu njaa haisubiri.

Njia mojawapo ya kukwepa ni stakabadhi ghalani, mfumo wenye sheria yake tangu mwaka 2005. Unapeleka mzigo ghalani kupitia AMCOS, unapimwa, unapewa stakabadhi. Mzigo unabaki wako mpaka uuzwe mnadani, na mnunuzi analipa kwanza ndipo aruhusiwe kuutoa. Wewe unalipwa baada ya makato, kwa hiyo uliza makato mapema. Hakikisha pia jina lako kwenye daftari la AMCOS linafanana na jina la akaunti yako ya benki. Herufi moja ikipishana, malipo yanaweza kukwama.

7. Akigoma kabisa

Deni la kawaida ni kesi ya madai. Polisi hawakusanyi madeni, usipoteze nauli. Ila kama alikudanganya tangu mwanzo, mfano ujumbe wa kughushi au jina la uongo, hiyo ni jinai. Hapo nenda polisi haraka, gari likiwa bado njiani.

Kwa deni la kawaida, anza na barua ya madai yenye tarehe, kisha mahakama ya mwanzo. Kesi ya mkataba ina muda wa miaka 6 tangu siku alipotakiwa kulipa. Akikiri deni kwa maandishi na saini, au akilipa sehemu, muda unaanza kuhesabiwa upya. Lakini usisubiri huko. Mashahidi wanahama, simu zinapotea.

Ndugu mkulima, mavuno hayaishii kwenye turubai la kukaushia. Yanaishia siku salio lako linaposoma kiasi mlichokubaliana. Nunua daftari moja na kalamu mbili kabla mashine za kuvunia hazijaingia shambani, na uviweke stoo pamoja na mizani.

Kama una mnunuzi anayekusumbua au karatasi usiyoielewa, niandikie au njoo ofisini na vielelezo vyako kabla hujasaini. Wiki ijayo tutarudi kwenye panya wa ghalani.