Mjumbe wa Ndani ya Kompyuta

Haya wajukuu, hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina mjumbe wa nyumba kumi. Mnamjua: mgeni akihamia mtaani hupita kwake, na anayemtafuta mtu huanzia kwake, maana yeye ndiye anayejua nani anakaa wapi na nani amepanga na nani. Ndani ya kompyuta naye yumo mjumbe wa aina hiyo. Anaitwa kerneli. Ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kila kitu: diski, kibodi, kumbukumbu, na hasa prosesa, ambayo ndiyo inayopiga hesabu zote.

Zamani prosesa ya kompyuta ya nyumbani ilikuwa na kori moja, na kori ndicho kipande kinachotekeleza amri. Siku hizi zipo nne, nane, na kuendelea. Mambo yangekuwa mepesi kama yangeishia hapo. Lakini mwaka 2002 kampuni ya Intel ilianza kuuza prosesa ambazo kori yake moja hujitambulisha kwa mfumo endeshi kana kwamba ni mbili. Kila nusu inaitwa uzi. Ndiyo maana mtu akikwambia kompyuta yake "ina nane", una haki ya kumwuliza: nane za nini?

Jibu liko kwa mjumbe. Nitawaonyesha la Linux, kerneli aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki, Finland, ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android. Tangu toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, Linux ina folda inayoitwa /sys, na humo kerneli inaanika habari za mashine yake kwa yeyote anayetaka kusoma. Tuchukue kompyuta yenye prosesa ya Intel ya kori nne. Tunafungua dirisha la amri na kuandika:

cat /sys/devices/system/cpu/online

Jibu linatoka: 0-7. Yaani zipo CPU nane, kuanzia namba sifuri hadi saba; hapa kila uzi huhesabiwa kuwa CPU moja. Kompyuta huanza kuhesabu kwenye sifuri, zoeeni. Sasa tuulize swali la pili, lenye utamu zaidi:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/topology/thread_siblings_list

Jibu: 0,4.

Hapo mjumbe ametoboa siri. Anasema CPU namba 0 na namba 4 zinakaa nyumba moja. Ukiuliza ya cpu1 utapata 1,5. Cpu2 ni 2,6. Cpu3 ni 3,7. Basi mtaa huu una nyumba nne tu, kila moja na wapangaji wawili wanaotumia jiko moja. Mpangaji mmoja akiwa anasubiri kitu kutoka sokoni, mwenzake anapika, na hapo kuna faida. Wakitaka kupika wote kwa wakati mmoja, mmoja atangoja. Kwa hiyo programu yenye kazi mbili nzito ikiziweka kwenye 0 na 4, zitabanana; ikiziweka kwenye 0 na 1, kila kazi itapata jiko lake. Lakini msidhani mpangilio huu ni wa kila mahali. Zipo kompyuta ambazo wapangaji wa nyumba moja ni 0 na 1. Ndiyo sababu tunauliza badala ya kukisia.

Kando ya faili hiyo ipo nyingine yenye jina karibu lilelile, thread_siblings, bila neno list mwishoni. Ukiifungua kwenye kompyuta yetu unakuta 11. Mtoto yeyote atasema kumi na moja, na watu wazima wengi pia. Sivyo. Ziandikeni CPU nane kama nafasi nane kutoka kulia kwenda kushoto, namba 0 ikiwa kulia kabisa. Penye mpangaji wa nyumba hii wekeni 1, kwingine 0. Mtapata 00010001. Sasa kateni katikati: 0001 na 0001. Kila kipande cha nafasi nne huandikwa kwa alama moja, na hapa kila kimoja ni 1. Ndiyo hiyo 11. Faili yenye list ilitengenezwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Hii nyingine hupendwa na programu.

Jambo linalonifurahisha mimi zaidi ni kwamba faili hizi hazipo. Piteni diski nzima, hamtazikuta. Faili ya core_id, kwa mfano, iliyo kwenye folda hiyohiyo ya topology, huorodheshwa kuwa na ukubwa wa baiti 4096, lakini ukiifungua mna namba moja tu. Unapoomba kuisoma, kerneli huandika jibu papo hapo kutoka kwenye kumbukumbu yake, kisha hukupa kana kwamba lilikuwa limewekwa pale siku zote.

Naye mjumbe alijuaje? Kompyuta inapowaka, kwenye prosesa za Intel na AMD kerneli hutumia amri iitwayo CPUID, na kila CPU hujibu kwa kutaja namba inayoonyesha iko kori ipi na prosesa ipi. Kwenye simu nyingi hakuna kuulizana hivyo. Mtengenezaji huandaa maelezo ya mashine mapema, na kerneli huyasoma inapoamka.

Folda ya cache, iliyo jirani na topology, hueleza nani anashiriki na nani kache, ile kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo ndani ya prosesa. Kwenye kompyuta yetu kache ya ngazi ya kwanza ni ya 0,4 peke yao, na ya ngazi ya tatu ni ya 0-7, yaani wote. Msione hili ni dogo. Agosti 2018 ulitangazwa udhaifu ulioitwa L1TF: kwenye baadhi ya prosesa za Intel, programu yenye nia mbaya ingeweza kunyemelea data ya mwenzake kupitia kache hiyo ya ngazi ya kwanza. Kerneli ikaongezewa faili smt/control, ambayo msimamizi akiandika off ndani yake, kila nyumba hubaki na mpangaji mmoja.

Kwenye simu kuna kisa kingine. Kori zake mara nyingi hazilingani: kubwa za kazi nzito, ndogo za kutunza chaji. Huko kerneli ina faili ya cpu_capacity. Kori yenye nguvu kuliko zote hupewa 1024, na ndogo zinaweza kupata chini ya nusu yake.

Mjumbe huyu hudanganywa pia. Kompyuta ya kukodi kwenye mtandao huwa ni kipande cha mashine kubwa, na kerneli ya ndani husimulia kile ilichoambiwa na programu inayoigawa mashine hiyo. Huko, majibu ya topology myapokee kwa tahadhari.

Mwenye Linux nyumbani na aanze na amri ya lscpu, ambayo hukusanya habari hizi nyingi kwenye ukurasa mmoja. Kusoma hakuhitaji nywila ya msimamizi na hakuharibu kitu. Kuandika ni habari nyingine: msimamizi akiandika 0 ndani ya faili ya online ya cpu5, CPU hiyo huondolewa kazini palepale, na hairudi mpaka aandike 1 au awashe kompyuta upya.