Atelier dola 270, shimo dola 200: kwa nini mdogo wangu anachagua shimo?



Mdogo wangu ni fundi wa kuchomea vyuma, tena fundi mzuri kweli. Mwaka jana mwenye atelier mmoja hapa Kolwezi alimpa kazi. Alikaa miezi miwili, kisha akarudia ku shimo. Nilipomuuliza sababu, akanijibu: «Yaya, atelier inanilisha, lakini shimo inaweza kunibadilisha.»

Usiku ule nilichukua kalamu. Atelier ni dola 30 kwa juma, zinatoka mwisho wa mwezi. Shimo ni majuma tisa ya kuchimba. Wakigonga mshipa, kila mmoja anabaki na kama dola 600. Lakini kwa hesabu yake mwenyewe, mashimo mawili kati ya matatu hayatoi kitu. 600 gawa kwa 3 ni 200. Kwa majuma yale yale tisa, atelier inatoa 270. Nikamwonyesha karatasi. Akacheka. Hesabu aliielewa vizuri, pengine kunipita mimi. Basi si ujinga. Kumbe mizani iliyo ndani ya kichwa haipimi vile karatasi inapima.

Mwenye amefika Musompo, pale ku soko la madini, ameona mizani hiyo ikifanya kazi. Mfuko unafunguliwa, mnunuzi anaweka ile mashine ya Metorex juu ya mawe, teneur inatokea. Tuseme imeonyesha 4. Mwenye alitegemea 2 anaruka kwa furaha. Mwenye alitegemea 6 anatukana, anasema mashine ni ya wizi (na mara ingine ni kweli, lakini tuache hiyo leo). Mawe ni yale yale, franga ni zile zile. Mioyo ni miwili.

Mwanasayansi Wolfram Schultz aliona jambo hilo kwenye ubongo wa tumbili. Alifanya kazi Fribourg, Uswisi, na mwaka 1997 yeye, Peter Dayan na Read Montague waliandika maelezo yanayojulikana sana hata leo. Tumbili anapewa tone la maji ya matunda bila kutazamia: seli zinazotoa dopamini, katikati ya ubongo, zinawaka. Baadaye kila mara kabla ya maji kunatangulia alama, kama taa. Tumbili akishazoea, seli zinawaka kwa taa, na maji yenyewe yakifika hazishtuki tena. Na kama taa imewaka halafu maji hayakuja, seli zinanyamaza saa ile ile maji yalipotazamiwa. Yaani seli hizo haziulizi «nimepata ngapi?» Zinauliza «nimepata kuzidi nilivyotegemea, ao chini yake?» Ile tofauti njo inafundisha ubongo nini cha kufuata kesho.

Mwaka 2003 Christopher Fiorillo, Philippe Tobler na Schultz wakaongeza jambo ambalo mimi naona linatuhusu sana. Walibadilisha uwezekano wa maji kuja. Kama maji yalikuwa hakika, ao hakika hayaji, seli zilingoja kimya. Lakini uwezekano ukiwa nusu kwa nusu, zilipanda polepole muda wote wa kungoja. Mshahara wa atelier ni hakika: mwezi wa kwanza unafurahisha, wa tatu umeshakuwa kama maji ya tumbili aliyezoea. Shimo ni «kesho tutafika ku mshipa» kila siku.

Halafu iko bei. Mwaka 2018 kobalti ilikaribia dola 95,000 kwa tani. Katikati ya 2019 ilikuwa chini ya 30,000. Mwenye alijifunza kutegemea kwa bei ya 2018, kila mfuko baadaye ulimwonekania kama ameibiwa, hata kama ulimlisha.

Na kwa nini hawaachi shimo lililokufa? Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara inauma kuliko faida ya kiasi kile kile inavyofurahisha, na kwamba mwenye kujiona ndani ya hasara anakubali hatari ambayo angeikataa akiwa sawa. Bacreuseurs wanakula chakula cha sponsa muda wote wa kuchimba. Majuma sita bila kitu, deni limepanda. Kuacha ni kukubali hasara leo. Kushuka tena ni kuiahirisha.

Hatari ya kuporomoka nayo inapimwa kwa njia ya pekee. Watafiti waliolinganisha watu wanaosoma uwezekano kwenye karatasi na wale wanaojifunza kwa kujaribu wenyewe (Ralph Hertwig na wenzake, 2004) waliona kwamba wa pili wanapunguza uzito wa jambo linalotokea mara chache. Mutu ameshuka mara 300, amepanda mara 300. Ubongo wake una ushahidi 300 kwamba shimo ni salama. Tarehe 27 Juni 2019 udongo ulianguka kwenye mgodi wa KOV, wakafa watu wasiopungua 43. Wengi wao pia walikuwa wameshapanda salama mara nyingi.

Sisi wenye diplome tusijisifu. Mwaka 2013 ilitangazwa kazi iliyofanywa kwa wakulima 464 wa miwa huko India: watu wale wale walifanya vibaya majaribio ya akili kabla ya mavuno, franga zikiwa zimekwisha, na vizuri zaidi baada ya kuvuna. Ukitupwa kwenye njaa ile, wewe pia hesabu yako itaregea.

Kitu kimoja niliweza kugusa. Malipo yanayokawia yanapungua uzito kichwani, na sponsa anajua: chakula chake kinafika leo. Nilienda kwa mwenye atelier nikamwomba amlipe mdogo wangu kila Jumamosi, na akimaliza mlango ao dirisha la mteja, amuongezee kitu kidogo bila kumwambia mbele ni kiasi gani. Alifikiri kidogo, akakubali kujaribu.

Mdogo wangu sasa anafanya atelier siku nne. Siku zilizobaki anashuka. Jumamosi iliyopita alipita kwangu, viatu vikiwa na ule udongo mwekundu, akatoa franga za mlango mfukoni na kuzihesabu mara mbili mbele yangu.