Vita vya Kagera havikuishia Kampala

Swali la mtihani halijabadilika tangu enzi zangu: taja sababu nne za Vita vya Kagera, kisha eleza athari zake nne. Nikiwa mwalimu wa historia hapa Bariadi nilikuwa nayajua majibu kabla sijafunua daftari. Amin alitaka kupanua mipaka. Amin alikuwa dikteta. Nyerere alimpa Obote hifadhi. Upande wa athari, watu walikufa na uchumi ukadorora. Unaweka vema, unajumlisha alama, unachukua daftari linalofuata.

Majibu hayo si ya uongo. Kasoro ya somo lenyewe ni kwamba limekatwa kichwa na mkia, na sisi watu wa Simiyu tumeishi zaidi kwenye mkia.

Kiwiliwili tunakijua. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka yakateka ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, na Kampala ikatangaza kuwa sasa ni mali yake. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Wanavijiji waliuawa, na ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wakaswagwa kwa maelfu kwenda ng'ambo. Uchungu wa hilo msomaji wa Meatu au Itilima hahitaji kuelezwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilihutubia taifa, akataja uwezo, sababu na nia. JWTZ ikamtoa mvamizi. Januari 1979 ikaingia Mutukula upande wa Uganda, Februari ikawa Masaka na Mbarara, tarehe 11 Aprili Kampala, na mwanzoni mwa Juni askari wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan.

Kichwa kilichokatwa ni cha mwaka 1971 na 1972. Amin alipompindua Obote, Januari 1971, Mwalimu alikataa kumtambua, na Obote akaja Dar es Salaam. Kitabu kinasema alipewa hifadhi, kinafunga mabano. Lakini Septemba 1972 wafuasi wake wenye silaha walivuka kutoka ardhi ya Tanzania wakashambulia Masaka na Mbarara, wakapigwa vibaya. Ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliyoibwa ili iwabebe wapiganaji hadi Entebbe iliishia Kilimanjaro, matairi yamepasuka. Mwezi uliofuata Somalia ilisuluhisha, na kwa mapatano ya Mogadishu kila upande uliahidi kurudisha askari wake nyuma kilomita 10 kutoka mpakani na kuacha kuwasaidia maadui wa mwenzake.

Kulijua hilo hakumsafishi Amin hata chembe. Kunasaidia kueleza jambo ambalo wanafunzi wangu hawakuwahi kuulizwa: kwa nini serikali nyingi za Afrika hazikutupigia makofi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa mwaka 1963 juu ya msingi kwamba nchi haiingilii mambo ya ndani ya jirani yake. Kwenye mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Sudan na Nigeria zililalamika waziwazi kwamba Tanzania imeuvunja msingi huo.

Kwa maoni yangu vilikuwa vita viwili chini ya jina moja. Vya kwanza vilikuwa vya kurudisha ardhi, na havihitaji wakili. Vya pili vilikuwa vya kuiangusha serikali ya nchi nyingine. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba navyo vilikuwa vya haki, kwa sababu ya watu ambao Amin alikuwa akiwaua kila siku, na kwa sababu kumwacha pale kungekuwa kumngoja arudi. Ila hiyo ni hoja, na hoja hutetewa. Sisi tumewafundisha watoto kuikariri.

Tumewaficha pia mengine. Kwamba askari wetu waliubomoa mji wa Masaka kwa baruti, na majengo mengi ya Mbarara, kulipiza yaliyotendeka Kagera. Kwamba siku za mwanzo wapiga mizinga wetu walizitungua kwa makosa ndege zetu wenyewe karibu na Musoma. Kwamba Yusuf Lule, rais tuliyemsindikiza Kampala, alidumu siku 68 tu, na jeshi letu likabaki Uganda hadi 1981, huku Obote akirudi madarakani kwa uchaguzi wa Desemba 1980 ambao wapinzani wake hawakuukubali hadi leo. Hata bomu la Libya, iliyokuwa upande wa Amin, lililokusudiwa Mwanza likaangukia wanyama wa kisiwa cha Saanane, jirani zetu kabisa hawa, halipati mstari mmoja darasani.

Sasa mkia. Mwaka 1978 Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilizaliwa 2012. Vita vilipoanza jeshi lilivimba upesi, likajazwa mgambo kutoka vijijini, pamoja na polisi, magereza na JKT. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kubeba askari, na mkulima wa pamba anajua maana ya msimu usio na lori. Mwalimu akaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, sukari haikurudi. Somo linavitupia vita lawama yote, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekufa 1977 na bei ya mafuta ikapaa 1979.

Kisha watu wakarudi. Nilimkuta babu mmoja kijijini upande wa Dutwa, mgambo wa vita hivyo. Ukutani kwake, kwenye msumari mmoja, ulining'inia mkanda wa jeshi uliokauka na filimbi. Nikamwuliza, "Babu, vita viliisha lini?"

"Vya kule au vya hapa, ng'wanawane?"

Vya hapa ni miaka ya mwanzo ya themanini, wizi wa mifugo na ujambazi ulipozidi Usukumani, na bunduki zilizotoka vitani zikaanza kusikika usiku kwenye mazizi. Polisi walikuwa mbali. Kati ya 1981 na 1982, upande wa Kahama na Nzega, wanavijiji walianza kujipanga wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi, na katika muda mfupi vikundi hivyo vikaenea hadi huku. Ndio Sungusungu. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume anatoka na kufuata nyayo; asiyetoka anatozwa faini au anatengwa na kijiji kizima. Serikali ilisitasita mwanzoni, ikiwakamata baadhi yao, kisha Mwalimu na chama wakawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa kuwapa nafasi.

Watafiti waliowachunguza Sungusungu wanataja vita miongoni mwa vyanzo vyake, si chanzo pekee. Wala si simulizi ya mashujaa watupu. Vikundi hivyo viliua watu, wakiwemo walioshukiwa uchawi bila ushahidi. Babu wa Dutwa hakukataa nilipomgusia. Aliangalia filimbi yake, akabadilisha mazungumzo.

Hayo yote hayamo kwenye athari nne.

Sasa shule zetu zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na walimu wana nafasi ambayo mimi sikuwa nayo. Ombi langu kwao ni dogo. Likizo ijayo mpe kila mwanafunzi swali moja la kwenda nalo nyumbani: nani katika ukoo wetu alikwenda Uganda, na alirudi na nini? Aandike kama alivyosikia, bila kurekebisha. Fanyeni haraka, mgambo aliyekuwa na miaka 20 Kyaka ilipolipuliwa alizaliwa 1958.