Land Rover ya Shambani Inapoingia Lami

Mvua ya alasiri ikishuka Kericho, barabara za udongo mwekundu zinazotoka mashamba ya chai huko Roret na Kipkelion huwa utelezi mtupu, na gari la kawaida halipandi. Ndiyo maana gereji za jua kali, kuanzia mjini hadi Litein, hazikosi Land Rover au Land Cruiser kuukuu iliyoinuliwa springi, ikafungwa tairi pana za matope, bampa ya chuma na winchi. Nyingine zimeng'olewa injini ya asili na kutiwa ya Isuzu au Toyota, maana vipuri vyake havisumbui kupata.

Mafundi hawa wanaijua kazi yao na wanastahili heshima. Tatizo liko kwenye karatasi.

Cheti cha umiliki hutaja aina ya bodi, rangi, nambari ya chesisi, nambari ya injini na ukubwa wake. Sasa mwombe fundi ainue boneti na apanguse grisi kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Nambari itakayojitokeza kwenye chuma haifanani hata kidogo na ile ya cheti. Polisi akiiona kizuizini, ana haki ya kushuku wizi. Sheria ya Trafiki inamtaka mwenye gari kuiarifu mamlaka ya usajili sifa hizo zinapobadilika, na mamlaka yenyewe ni NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Maombi hufanywa kwenye eCitizen, kisha gari hupelekwa kukaguliwa. Stakabadhi ya kununulia injini itunze kama hati ya shamba.

Upande wa bima ndio unaonitia hofu zaidi. Siku hizi ajenti hutumiwa picha ya cheti kwa simu, akalipwa kwa simu, na bima ikatoka bila yeye kuliona gari. Anachokikatia bima ni gari la kwenye karatasi. Mwenye bima kamili akipinduka mteremkoni, mkaguzi wa kampuni akakuta springi zilizoinuliwa na injini ngeni ambazo hazikutajwa, fidia inaweza kukataliwa yote.

Bima ya mtu wa tatu, ambayo Sura 405 ya Sheria za Kenya inaifanya kuwa lazima, ina ulinzi kiasi. Kampuni haiwezi kumnyima fidia aliyegongwa kwa kisingizio tu kwamba gari lilikuwa bovu. Lakini sheria hiyo hiyo inairuhusu kwenda mahakamani, kabla ya kesi ya majeruhi kuanza au ndani ya miezi mitatu tangu ianze, kuomba itamkwe kwamba bima ilipatikana kwa kuficha jambo la msingi. Ikishinda, deni linamrudia mwenye gari. Na hata bima ikisimama, kampuni hulazimika kulipa shilingi milioni 3 tu kwa kila mtu. Zaidi ya hapo ni juu yako.

Hapa kwetu tunajua anayegongwa ni nani. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori liliacha njia likavamia matatu na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Siitaji ajali hiyo kwa kuwa lori lilikuwa limebadilishwa. Naitaja kwa sababu ya wale wachuuzi. Familia zao haziwezi kuanza kutafuta nani alimwambia nini ajenti wa bima.

Trekta nazo zisisahaulike. Ndani ya shamba la kampuni ya chai, njia ni za mwenyewe. Trekta likivuta trela la majani kukata barabara kuu ya kwenda Nakuru, hicho ni chombo cha barabarani: trekta liwe na nambari yake, trela na yake inayoanza na Z, na bima juu.

Ukishabadilisha gari, mwandikie ajenti ukitaja kila kilichofungwa, ubaki na nakala yenye mhuri wake. Kampuni za bima nazo ziwaagize maajenti wao wapande bodaboda hadi Litein au Kipkelion, wafunguliwe boneti, na waandike nambari ya injini wanayoiona kabla ya kutoa bima.