Intaneti: Nani Ashike Ufunguo?

MZAZI yeyote wa Voi aliye na kijana wa kidato cha nne anaijua hofu ya msimu wa mitihani. Mtoto ameinamia simu usiku kucha, na huwezi kujua kama anasoma au anatafuta karatasi ya mtihani iliyoibwa.

Mzazi kama huyo angekuwa na kila sababu ya kushangilia Novemba 2023, mtandao wa Telegram ulipokosa kupatikana nchini wakati wa mtihani wa KCSE. Mwaka 2024 mambo yakawa yale yale. Safari hii Mamlaka ya Mawasiliano (CA) iliziagiza kampuni za simu kuufunga mtandao huo saa za mitihani, ili kuwakomesha walaghai waliokuwa wakiutumia kuuza karatasi.

Nia ilikuwa njema. Lakini Telegram si ya walaghai peke yao. Mama wa Mwakingali anayepokea oda za wateja humo na mwanafunzi wa chuo anayewekewa masomo yake humo walifungiwa mlango mmoja na mwizi. Isitoshe, mwizi mjanja huweka programu ya VPN akapita, na mwaminifu akabaki nje.

Swali basi si kama kuna uchafu kwenye intaneti. Uchafu upo. Swali ni nani ashike ufunguo, na nani amchunge mwenye ufunguo.

BARUA MOJA TU

Zamani serikali ikitaka kuzuia maandishi ilibidi itoe jasho. Mwaka 1987 polisi walilazimika kwenda madukani kukusanya nakala za riwaya ya Matigari ya Ngugi wa Thiong'o.

Siku hizi hakuna haja ya kutuma askari. Unapofungua tovuti, ombi lako hupitia kwanza kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Kampuni hiyo ikiandikiwa barua, inaweza kuufunga mlango huo kwa wateja wake wote, kuanzia Voi hadi Wundanyi, bila mtu kubisha hodi kwako. Kwa kuwa ni rahisi hivyo, ni rahisi pia kutumiwa vibaya.

Katiba ya 2010 haikuiacha serikali bila mipaka. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, na cha 35 haki ya kupata habari. Uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki havina kinga. Hata hivyo, Kifungu cha 24 kinasema haki hupunguzwa kwa sheria tu, tena kwa kiasi kinachofaa.

SHERIA YA 2025

Oktoba 15, 2025, Rais William Ruto alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao. Yaliipa kamati ya kitaifa uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifungwe ikithibitishwa kuwa inaeneza uhalifu, picha chafu za watoto, ugaidi au itikadi kali za kidini.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa ubaya wa itikadi hizo. Kule Shakahola, katika kaunti jirani ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023. Lakini wakosoaji wa sheria hiyo wanauliza: ithibitishwe mbele ya nani? Mbele ya jaji, au mbele ya kamati yenyewe?

Swali hilo lina historia. Januari 30, 2018, vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa siku Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, na vikakaa gizani kwa siku kadhaa ingawa Mahakama Kuu iliagiza virudishwe. Juni 24, 2024, CA iliahidi kuwa haina nia ya kufunga intaneti. Kesho yake, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilivurugika. Mei 2025, kufuatia kesi ya mashirika ya kutetea haki, Mahakama Kuu ilitoa agizo la muda la kuizuia serikali kuvuruga mtandao.

NG'AMBO YA MPAKA

Ukitoka Voi ukafuata barabara ya Taveta, utafika Holili, Tanzania. Huko mtandao wa X ulifungwa Mei 2025. Oktoba 29 mwaka huo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini humo kwa siku kadhaa. Wenye jamaa na biashara pande zote mbili za mpaka wanajua maana yake. Wahenga walisema, ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji.

KAZI YA NYUMBANI

Je, watoto waachwe wajionee lolote? Hasha! Simu nyingi za kisasa zina mpangilio wa kuzuia tovuti za watu wazima na kuweka saa za matumizi. Mwombe fundi wa simu akuonyeshe. Zungumza na mwanao kuhusu anachokiona. Mzazi anayefunga mlango wa chumba cha mtoto wake hamfungii jirani.

Serikali nayo ikitaka kufunga tovuti, na iende mahakamani kwanza, itaje tovuti, sababu na muda, na wananchi waelezwe. Tukikubali ifunge kimya kimya yale tusiyoyapenda, siku itakapofunga yale tunayoyahitaji tutalalamikia wapi?