«Kill»: majambazi wanaolia wafu wao ndani ya gari la moshi

Gari la moshi linatoka Ranchi, mji mkuu wa jimbo la Jharkhand huko India, kuelekea New Delhi. Ni safari ya usiku kucha, zaidi ya kilomita 1,200. Ndani mna familia, watoto, wazee, na vijana wawili makomando wa jeshi. Usiku ukiwa mkubwa, wanaume karibu arobaini waliopanda kama wasafiri wengine wanatoa visu na nyundo. Simu, pesa, vito vya dhahabu, vyote vinatakiwa.

Hiyo ndiyo filamu «Kill» ya mwongozaji Nikhil Nagesh Bhat. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto, Kanada, mwezi wa tisa 2023, kisha ikaingia kwenye majumba ya sinema tarehe 5 mwezi wa saba 2024. Inadumu dakika 105. Anayengojea wapendanao wacheze ngoma mlimani kama katika filamu za Kihindi za zamani, atangoje bure.

Mapenzi yamo hata hivyo. Komando Amrit, anayechezwa na Lakshya, anampenda Tulika, lakini baba wa binti, tajiri mwenye kampuni ya usafirishaji, amekwisha kumchumbisha kwa mwanaume mwingine. Amrit anapanda gari hilo hilo kumfuata. Mtazamaji anadhani anajua mwisho: wezi watapigwa, baba atakubali, arusi itafanyika. Lakini Fani, mtoto wa mkubwa wa majambazi, anamuua Tulika. Ni hapo tu, filamu ikikaribia nusu yake, ndipo jina «Kill», ni kusema «Ua», linaandikwa kwenye skrini.

Kuanzia hapo Amrit hapigi tena ili kujitetea. Anaua, mmoja kisha mwingine, kwa kisu, kwa mikono, hata kwa mtungi wa kuzimia moto. Maiti anazitundika ndani ya behewa ili wenzao wazikute.

Na wenzao wanazikuta. Wezi hao hawakukutana juzi barabarani. Ni baba na watoto, wajomba na wapwa, ukoo mzima uliotoka pamoja kwenda kuiba. Kila anayeanguka ana mtu wa kumlilia, na kamera inabaki pale, inamwonyesha mwanaume mzima akimkumbatia mdogo wake aliyekufa. Fani mwenyewe, ambaye Raghav Juyal anamcheza kwa uchangamfu unaotisha, anafika kumwuliza Amrit ni mtu gani anayeua namna hiyo. Swali linatoka kinywani mwa muuaji, lakini halipotezi uzito wake. Filamu nyingi za kulipiza kisasi zinatuomba tupige makofi hadi mwisho. Hii inayakata makofi katikati.

Kuna kasoro. Tulika hapewi nafasi ya kutosha kuwa mtu kabla ya kuuawa, na mapigano mengine yanajirudia.

Bhat ameeleza kwamba wazo lilitoka katika maisha yake: alipokuwa mwanafunzi, gari la moshi alilopanda lilivamiwa na majambazi. Yeye alikuwa amelala. Walioibiwa ni wa behewa la jirani. India inaujua ujambazi wa aina hiyo tangu zamani, hata sheria ya jinai ya mwaka 1860 iliupa jina lake: wezi wakiwa watano ao zaidi, kosa linabadilika na adhabu inapanda.

Mapigano yalipangwa na Parvez Shaikh pamoja na Mkorea Oh Se-yeong, aliyewahi kufanya kazi kwenye «Snowpiercer», filamu nyingine ya ndani ya gari la moshi. Njia ya kupita kati ya vitanda ni nyembamba, hakuna pahali pa kurusha teke refu. Watu wanapigana wakibanana, kiwiko kwenye mbavu, kichwa kwenye mlango wa choo. Ndiyo maana kila pigo linaonekana kuuma. Huko India filamu iliruhusiwa kwa watu wazima peke yao, na wazazi wa hapa watafanya vema kufuata hivyo.

Marekani nayo imeitamani: kampuni ya Chad Stahelski, mwongozaji wa «John Wick», ilitangaza kwamba itaitengeneza upya kwa Kiingereza. Mapigano haitashindwa kuyapata. Kilio cha wale ndugu ndicho kigumu kuhamisha.